Aliyefika baada ya maziko: uchambuzi wa kisa cha Magomeni

Kisa hiki ni cha kutungwa, ila kimetungwa kwa mambo yanayojirudia katika misiba ya mjini: mtoto anaishi mbali, mzazi anafariki, maziko yanafanyika siku hiyohiyo, mtoto anafika watu wameshakula chakula cha kwanza cha msiba. Hakuna mtu wa kunyooshewa kidole. Tumekiweka Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, baraza mbele na uani nyuma. Umbo hilo lina sehemu yake katika yaliyotokea, kwa sababu kwenye nyumba kama hiyo hakuna mtu anayeomboleza peke yake hata akitaka.

Mhusika ni mwanamke wa miaka 41, mtunza hesabu wa duka la jumla jijini Mwanza, mtoto wa pili kati ya watatu. Aliondoka Dar es Salaam miaka 14 iliyopita kwa kuolewa na mwanamume ambaye mama yake hakumtaka, na mama hakuhudhuria ndoa. Baada ya hapo hawakugombana tena, na hapo ndipo penye kidonda. Kilichobaki ni simu ya kila Ijumaa: salamu, afya, hela imefika, haya mwanangu. Kaka yake mkubwa anaishi Tabata na familia yake. Mdogo wao wa kiume hajaoa, anakaa hapohapo nyumbani. Baba alitangulia zamani. Mama alikuwa na vyumba viwili vya mbele, mdogo mtu kimoja, na vitatu vina wapangaji.

Mama alifariki Alhamisi alfajiri, akazikwa makaburi ya Kisutu baada ya swala ya alasiri. Kutoka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Hata basi lingemsubiri mlangoni asingewahi. Aliingia Ijumaa usiku, akashushwa Mbezi kwenye Kituo cha Magufuli, yeye ambaye kichwani mwake basi la bara bado linaishia Ubungo. Mpaka anafika Magomeni, ilikuwa saa nne usiku. Akaambiwa "Makiwa", akajibu "Tunayo", akaketi mkekani. Hakulia. Kesho yake hakulia. Wanawake walilitazama hilo, na mjini kwetu likishatazamwa linasemwa.

Alichokikosa hasa

Wengi wanaomfariji mtu aliyechelewa humwambia twende kaburini. Kwa mwanamke wa familia kama hii ushauri huo umelenga pembeni. Wanawake wengi wa Kiislamu wa hapa hawaendi makaburini siku ya maziko, kwa hiyo hata angekuwepo angebaki nyumbani. Alichokikosa ni josho. Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na binti ni miongoni mwa wanaostahili kuingia chumbani: kumimina maji yenye majani ya mkunazi, kurudia kwa idadi ya witiri, la mwisho likiwa na kafuri; kumsuka marehemu mafungu matatu ya nywele na kuyalaza nyuma; kisha sanda, ambayo kwa mwanamke ni vipande vitano. Ni kazi yenye mwanzo na mwisho, na mikono ikiifanya, akili inapata pa kuanzia. Huyu mikono yake haikugusa chochote.

La pili ni nafasi. Siku ya pili ya tanga kazi zote zina wenyewe: nani yuko jikoni uani, nani anapokea wageni, nani ameshika daftari la rambirambi, nani anakimbilia maji na mkaa. Anayefika wakati huo anakalishwa, anamiminiwa pole na chai ya tangawizi, anaambiwa "wewe pumzika". Kwa nia njema kabisa anafanywa mgeni kwao.

La tatu halisemwi sana, nalo tunaliona ndilo zito kuliko yote. Familia ni ya Kizaramo, na Jumamosi watani wakaja, Wanyamwezi na Wasukuma wa mtaani. Wakalala mlangoni wasipite watu, wakadai walipwe ndipo uji unyweke. Mmoja akajifunga khanga ya marehemu, akashika daftari na kalamu, akawa anapita ukumbini akigonga mlango mmoja baada ya mwingine: "Jumatatu hiyo! Jumatatu haina mgonjwa!" Watu wakacheka mpaka machozi. Binti akamgeukia mdogo wake.

"Anamwigiza nani?"

"Mama, dada. Humwoni?"

Hakumwona. Mama anayemjua yeye alikuwa anauza vitumbua barazani na hakuwa na daftari lolote. Waliobaki Magomeni walikuwa wanamlilia mwanamke wa miaka 14 hii. Yeye hakuwa na mwanamke huyo wa kumlilia, na yule aliyemwacha alishamlilia kimyakimya miaka mingi kabla. Moyo mkavu unaolaumiwa kwa waliochelewa mara nyingi ni huu. Upendo upo, lakini aliyefariki hajafahamika bado. Ukimhimiza mtu wa namna hii "lia, usijizuie", unamwomba kitu ambacho hana.

Hapa hufika pia mtu aliyesoma na kutaja hatua tano za huzuni. Zilitokana na kazi ya Elisabeth Kübler-Ross ya mwaka 1969 na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Hazikuwa ratiba ya mfiwa, na kumpima mtu kwa hizo ("bado uko kwenye kukataa") ni kumwongezea mzigo. Kinachosaidia zaidi ni mtazamo wa watafiti Klass, Silverman na Nickman wa mwaka 1996, kwamba mfiwa hakati uhusiano na marehemu bali huupa sura nyingine. Ila kwa aliyekuwa mbali kuna hatua inayotangulia: uhusiano wenyewe inabidi kwanza uletwe mpaka tarehe ya kifo.

Kopo la mchezo

Mama alikuwa kijumbe. Alisimamia mchezo, yaani upatu, wa wanawake 15, kila mmoja shilingi 10,000 kila Jumatatu, mkono mmoja shilingi 150,000. Alikuwa anacheza na yeye, na mkono wake alishaupokea, wa tatu. Alipofariki walikuwa wiki ya 9: wanane wameshapokea, saba bado. Za wiki hiyo walikuwa wametoa 11, na mama mwenyewe yumo. Shilingi 110,000 zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, uvunguni, zikisubiri wanne wakamilishe.

Kosa lililofuata ni la kawaida mno. Alhamisi asubuhi, rambirambi hazijaanza kuingia, kaka mkubwa alihitaji hela ya turubai, viti, mchele na sukari. Akaonyeshwa kopo. Akalitumia lote, na hakuandika popote, kwani kwa akili yake ilikuwa hela ya mama. Jumamosi jioni wanawake wawili walikaa karibu na binti na kumwuliza kwa adabu iliyozidi, "Mwanangu, vitu vya mama vimehifadhiwa vizuri?" Hakuelewa. Mama yake mdogo ndiye aliyemfafanulia uani, wakiosha masufuria.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kusogea. Mshauri anayeingia kwenye kisa kama hiki asizibe tatizo la kopo haraka ili amwachie mfiwa nafasi ya kuomboleza. Kwa huyu, kopo ndilo lililokuwa mlango wa kuombolezea.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Mchezo unamdai marehemu vitu viwili visivyochanganywa. Kwanza shilingi 110,000, ambazo zilikuwa amana na hazikuwa mali yake. Hizi zinarudi zote na mapema. Pili, kwa kuwa alishapokea, bado anadaiwa wiki ya 10 hadi ya 15, yaani wiki sita kwa 10,000, jumla 60,000. Hili ni deni, linalipwa kwa ratiba ileile. Wiki ya 9 haiongezwi, maana elfu kumi yake ilikuwa tayari ndani ya kopo. Vijumbe wengi wapya hukosea hapohapo, wakamdai marehemu mara mbili.

Tanga lilipoanuliwa, daftari la rambirambi lilikuwa na salio la shilingi 75,000. Kaka akaombwa aongeze 35,000. Alikasirika.

"Ilikuwa hela ya mama, na mama ndiye aliyezikwa nayo."

"Haikuwa ya mama, kaka. Ilikuwa ya watu."

Mama mdogo alimaliza ubishi kwa hoja ambayo kila mtu anaijua: deni la marehemu hulipwa kabla ya wasia na kabla ya urithi. Kaka akatoa. Zile 60,000 wakakubaliana zitoke kwenye kodi ya chumba kimoja, elfu kumi kila wiki, na wote watatu wakatia saini kwenye karatasi. Saini hiyo isiachwe. Kodi ni pato la mirathi, na anayeigusa peke yake, hata kwa kulipa deni halali, anajiandalia kesi.

Jumatatu ya kwanza haikukusanywa hela. Binti alikaa barazani na daftari, wanawake wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akasema ametoa wiki ngapi, ameshapokea au bado, anayemfuata ni nani. Aliandika kwenye ukurasa mpya, akalinganisha na mwandiko wa mama, palipopishana akaita shahidi. Jumatatu iliyofuata 110,000 zikawekwa mezani, wanne waliobaki wakatoa 40,000, na wa 9 akapokea 150,000 zake mbele ya wote.

Kwa nini kazi hii ilifaa kuliko kumkalisha kitako na kumwuliza anajisikiaje? Kila aliyekuja barazani alikuja na mama mdomoni. Huyu anasema mama yako alinifungulia mlango saa nane usiku mtoto akiwa na degedege, yule anasema alinitukana mbele za watu kisha akaniwekea. Kwa wiki mbili alisimuliwa miaka 14 bila kuomba. Isitoshe, alitumia ujuzi anaoutegemea maishani, wala hakulazimika kujifanya mtu wa mtaani. Na lilikuwa deni la marehemu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema amekuja kushika mali. Angepewa daftari la rambirambi siku aliyofika, tungekuwa tunachambua ugomvi. Hilo ni la familia yote, na aliyechelewa hapaswi kupewa.

Hasira ilitangulia

Ndani ya daftari la mama, pembeni ya majina ya waliochelewa, kulikuwa na maneno mafupi kwa kalamu nyekundu. "Anauguliwa, asisumbuliwe." "Mume kaachishwa kazi, nimemwekea." Binti aliyasoma usiku, akayasoma tena, na kesho yake akamwambia mama mdogo kwa sauti ambayo wapangaji waliisikia: "Watu baki aliandika wasisumbuliwe. Mimi ndoa yangu hakuja hata kunywa maji."

Jamaa walitaka kumnyamazisha, maana marehemu hasemwi. Ni desturi nzuri barazani. Chumbani, mbele ya mtu mzima mmoja anayeaminika, isitumike kumfunga mfiwa mdomo. Hisia ya kwanza iliyo hai kwa mtu aliyekuwa mkavu mara nyingi ni hasira, na ukiizima anarudi alikokuwa. Mama mdogo alifanya jambo la busara: hakumtetea dada yake, wala hakumlaumu. Alisema, "Alikuwa hajui pa kuanzia. Na wewe ulikuwa unatuma hela kila mwezi, ungesema una shida angekuja mbio." Kama ni kweli au si kweli, hakuna wa kuthibitisha. Binti alikaa nalo.

Siku mbili baadaye ikafanyika hatua ambayo tunaishauri kwa kila aliyelikosa josho: aliyeosha amsimulie, kwa utaratibu, bila kuruka. Masharti yake ni machache. Awe aliyekuwemo chumbani, si aliyesikia. Wawe wawili au watatu tu. Asimulie aliyoyafanya na asihubiri, na yale ya siri ya mwili wa marehemu ayasitiri, kwani mwoshaji ana amana hiyo. Bibi mwoshaji wa mtaa alikaa naye chumbani na kumweleza nani alishika kichwa, nani alimimina, maji yalikuwa vuguvugu, nywele zilikuwa nyepesi mbele lakini nyuma bado nyingi, fungu la kushoto lilimshinda akarudia kulisuka. Binti akauliza nywele zilikuwa na hina au nyeupe. "Hina, mjukuu wangu. Ya juzijuzi tu." Ndipo alipolia.

Isichukuliwe kuwa kila mtu atalia hapo. Wengine huuliza maswali makavu na kuondoka, wakarudi na maswali mengine mwezi unaofuata. Kinachopimwa si machozi. Angalia kama anaanza kumtaja marehemu kwa mambo mahususi, na kama anaweza kukaa bila kazi mkononi. Stroebe na Schut, mwaka 1999, walieleza kwamba mfiwa mwenye afya huenda na kurudi kati ya kuukabili msiba na kushughulikia maisha. Anayehesabu hela za mchezo usiku kucha na hakai hata dakika amejificha kwenye kazi, na hapo kazi ipunguzwe.

Khanga, nyumba na likizo

Nguo za marehemu ziligawanywa mapema, kama ilivyo ada. Bahati yao, mama mdogo alifunga kasha moja na kuweka ufunguo, akisema halifunguliwi mpaka mtoto wa kike afike. Ndani mlikuwa na doti sita za khanga, mbili hazijakatwa. Kila familia yenye mtoto wa mbali ifanye hivyo. Ni jambo la dakika moja, na likikosewa halirekebishiki.

Kuhusu nyumba, kaka alitaka kuuza hata kabla ya arobaini, kwa kuwa mnunuzi ameshajitokeza. Magomeni iko jirani na Kariakoo na kwenye njia ya mwendokasi, kwa hiyo wanunuzi hawakosekani na haraka hiyo huwa ni ya mnunuzi. Anayeuza kabla ya msimamizi wa mirathi kuteuliwa anauza asicho na mamlaka nacho. Yapo ya kuanza mara moja: kibali cha mazishi na taarifa ya kifo vitunzwe, kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, cheti kichukuliwe RITA, wakala wa usajili. Kikao cha ukoo na muhtasari wake vinaweza kungoja wote wawepo. Mashauri ya mirathi hapa Dar es Salaam hupelekwa Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia kilichopo Temeke. Kwa mirathi ya mahakama ya mwanzo, msimamizi akishateuliwa ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5. Mgawanyo wenyewe hapa ni mwepesi: wavulana wawili na binti mmoja, mafungu matano, mawili, mawili na moja. Ugumu uko kwenye kuuza au kubaki na wapangaji, na swali hilo halijibiwi vizuri na mtu aliyelia kwa mara ya kwanza jana.

Likizo nayo ilipangwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku nne zenye malipo kwa kufiwa na mzazi, mbali na likizo ya mwaka ya siku 28. Wengi huzimaliza zote kwa mkupuo, wakaondoka siku chache kabla ya arobaini. Yeye, kwa makubaliano na mwajiri, alichukua zile nne na wiki mbili, akamwachia mama mdogo daftari, akarudi Mwanza. Alikuja tena kwa hitma ya arobaini na wiki mbili zilizobaki. Safari ya pili ndiyo iliyokuwa ya nyumbani hasa. Hakuna turubai wala viti vya kukodi, na alijua agonge mlango upi akikosa chumvi.

Lini isiwe kazi ya familia

Kumwota marehemu, kuhisi ameita jina lako, kukosa usingizi siku za mwanzo, hayo ni ya msiba. Hayasubiriwi haya: kusema anataka kumfuata marehemu, kushindwa kula au kumhudumia mtoto, kuanza pombe, au kumeza vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa duka la dawa bila cheti. Hapo apelekwe hospitali: Amana, Mwananyamala, Temeke au Muhimbili, akisindikizwa na mtu, si kuelekezwa tu. Huzuni ikibaki kali ileile na kuyafunga maisha, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaihesabu kuwa ugonjwa kuanzia miezi sita. Ule wa Marekani wa mwaka 2022 unahesabu miezi 12 kwa mtu mzima. Tarehe hizo ni za daktari. Shangazi asizitumie kumwambia mtu muda wake wa kulia umekwisha.

Miezi sita baadaye

Mchezo uliisha, wa 15 alipokea binti akiwa Mwanza, na elfu kumi ya mwisho ya mama ilitoka kwenye kodi kama walivyoandikiana. Kaka ndiye msimamizi wa mirathi, orodha imewasilishwa, nyumba haijauzwa. Binti anataka ibaki, mdogo mtu anataka ibaki, kaka anasema wao wawili hawajui bei ya bati. Hilo la bati ana haki nalo: paa la uani linavuja na kodi ya vyumba vitatu haitoshi kulitengeneza na kugawana pia. Kuhusu kopo, kaka na dada hawajawahi kulizungumza tena, na mshauri asilazimishe wakati bado wana fomu za kutia saini pamoja. Mama mdogo ameanzisha mchezo mpya wa watu 14. Binti anacheza kwa simu kutoka Mwanza, na wiki ya tatu alichelewa siku moja akapigiwa saa kumi na mbili asubuhi.